Akiba Inayooza

Akiba haiozi. Ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto, na mahindi yaliyokaushwa vema na kuwekwa darini, au fedha iliyofungwa katika pindo la kitenge, yathibitisha maneno hayo. Lakini siku hizi imo akiba ya namna nyingine katika nyumba zetu. Picha za harusi na za matanga, sauti za wazee, vyeti vya shule, karatasi za viwanja, vyote vimetiwa ndani ya kidude cha chuma kisichopita ukubwa wa kitabu kinene cha sala. Kidude hicho chaitwa diski. Akiba iliyomo humo huoza, tena huoza kimya, pasipo harufu wala wadudu. Sisi wa nyumba moja ya hapa Bunia tumeyaona hayo, nasi twawaeleza wasomaji jinsi mambo yalivyokwenda, labda yatawafaa walio na akiba kama yetu.

Kwanza tueleze nyumba yenyewe. Twaishi mtaa wa Mudzipela, watu tisa chini ya paa moja: wazee wetu wawili, kaka yetu mkubwa ambaye sote twamwita Yaya, mke wake, sisi wengine, na watoto. Intaneti hununuliwa kwa kipimo, na megabaiti huisha upesi kama chumvi iliyoachwa mvuani. Kupeleka picha elfu kumi zikahifadhiwe katika kompyuta za Ulaya au Marekani kungemaliza ada ya shule ya mtoto. Ndiyo sababu tulijifanyia seva ya nyumbani. Msishtuke kwa neno hilo. Ni kompyuta ndogo iliyokwisha tumika mahali pengine, isiyo na kioo wala vibonye, imekaa juu ya kabati, yala umeme kidogo wa paneli za jua na betri, na waya mmoja waiunganisha na rauta. Simu na kompyuta zote za nyumbani huifikia bila kulipa kitu. Watoto husoma humo Wikipedia ya Kifaransa, iliyopakiwa nzima kwa programu iitwayo Kiwix. Wakubwa huweka humo mambo ya ukoo.

Seva hiyo ilikuwa na diski mbili, kila moja ya terabaiti 4, zilizofungwa kwa mpango wa pacha: kila kitu kiandikwacho katika diski ya kwanza huandikwa vilevile katika ya pili, wakati uleule. Moja ikifa, ya pili huendelea na kazi, na wenye nyumba hupata nafasi ya kutafuta nyingine. Mpango huo ni mzuri sana. Lakini una mpaka wake, na mpaka huo ndio jambo tunalotaka kulionyesha.

Mjue pia ni kitu gani kilichokuwamo. Mwezi wa Desemba 2017 vita vilipowaka upya katika wilaya ya Djugu, watu wengi walikimbilia mjini Bunia, na mwanzoni mwa mwaka 2018 Mama Mkubwa wetu alifika kwetu kwa miguu pamoja na wajukuu wawili. Alikuwa amebeba sufuria, blanketi, na mfuko wa nailoni wenye karatasi: diploma ya Serikali ya binti yake marehemu, kadi za ubatizo za wajukuu, karatasi ya kiwanja chao, na picha kadhaa za mume wake aliyefanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Kilo. Tulizipiga picha karatasi hizo zote na kuzitia katika seva. Ilikuwa bahati, kwani baadaye mchwa waliingia katika sanduku alimoziweka, na siku lilipofunguliwa palikuwa na udongo mwekundu na vipande visivyosomeka. Jirani wawili watatu walipopata habari hiyo walileta karatasi zao nazo zipigwe picha. Hivyo juu ya kabati letu palikuwa na haki za watu zaidi ya wale tisa wa nyumbani.

Basi, siku moja ya Jumatatu, seva ikaanza kutoa sauti: tik, tik, tik, kama mtu agongaye mlango kwa ukucha. Mdogo wetu asomaye maarifa ya kompyuta katika chuo kikuu hapa mjini alifungua taarifa za seva na kusoma. Diski moja ilikuwa imetolewa kazini, na mashine yenyewe ilikuwa imeandika kwamba pacha amebaki peke yake. Faili zote zilikuwa zikifunguka kama kawaida. Mtu asiyesoma taarifa ile angeweza kukaa hivyo miezi mitatu, akidhani kwamba yu salama.

Ili kuelewa sababu ya kufa kwake, yafaa kujua diski ni kitu gani. Ndani yake mna sahani nyembamba zilizopakwa utando wa sumaku, nazo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa kila dakika. Juu ya kila sahani kipo kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, nacho huelea juu ya hewa bila kuigusa sahani, kwa nafasi iliyo nyembamba maelfu ya mara kuliko unene wa unywele. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimeta 60 hivi, na kabati lake lilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Hata hivyo ilibeba herufi milioni 5 tu, ambazo leo hazitoshi kwa picha mbili za simu nzuri. Tangu wakati ule diski imepungua mwili na kuongezeka tumbo, lakini namna ya kazi ni ileile: chuma kinazunguka, kichwa kinaelea. Na kila kinachozunguka hufikia siku ya kusimama.

Siku hiyo yaja lini, hakuna ajuaye kwa diski moja. Kwa diski nyingi hesabu yajulikana. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, yenye kutunza zaidi ya diski 200,000, hutangaza hesabu zake kila mwaka: kati ya diski 100 zinazofanya kazi, moja au mbili hufa katika mwaka mmoja. Hizo zakaa katika vyumba vyenye umeme usiokatika na hewa iliyochujwa. Zetu zakaa Bunia, ambako vumbi la barabara huziba feni, na umeme huenda na kurudi ukiruka kama mbuzi aliyekata kamba.

Habari ilipotangazwa mezani jioni ile, palizuka maneno. Mdogo wetu alitaka kesho yake ipatikane diski mpya, itiwe, na pacha wajengwe upya mara moja.

“Yaya,” akasema, “kila saa tunayongoja, tunategemea diski moja tu.”

Yaya akamjibu, “Ndiyo, mdogo wangu. Lakini kujenga upya ni kazi gani? Si kumwambia huyo mmoja aliyebaki asome kila kitu alichonacho tangu mwanzo hata mwisho, bila kupumzika?”

“Ndivyo.”

“Naye alinunuliwa siku gani?”

“Siku ileile na mwenzake.”

“Basi ana umri uleule, amekula vumbi lilelile, na umeme uliompiga ndugu yake umempiga naye. Ukimbebesha mzigo mkubwa kuliko yote siku ndugu yake alipokufa, je, hukumweka hatarini? Kwanza tunakili yale yasiyopatikana tena duniani. Kisha ndipo tujenge.”

Mama Mkubwa, ambaye hajui kompyuta, alikuwa akimenya mihogo karibu na mlango. Akasema, “Nyumba ikiungua, kwanza hutolewa mtoto, ndipo kabati.” Maneno yakaishia hapo.

Twawaomba wasomaji walishike neno hilo, kwa maana watu wengi hawalijui. Wakati diski moja ya pacha inapokufa, saa ya hatari kubwa huwa ni ile ya kujenga upya. Watengenezaji wenyewe huandika katika karatasi za diski nyingi za nyumbani kwamba, katika kusoma biti milioni mia mara milioni moja, huenda pakatokea mahali pamoja pasiposomeka. Hesabu hiyo ni kama terabaiti 12 na nusu. Kwa hiyo anayesoma terabaiti 3 au 4 kwa mfululizo hana haja ya kuogopa mno, lakini pia asilale.

Tuliazima kwa jirani diski ya nje ya gigabaiti 500. Katika seva mlikuwa na terabaiti 2.6, hivyo haikuwezekana kunakili vyote, ikatubidi kuchagua. Kuchagua huko kulituchukua muda mrefu kuliko kunakili. Karatasi za Mama Mkubwa na za jirani zikatangulia. Nazo zilikuwa ndogo sana, zote pamoja hazikujaza hata gigabaiti 3. Zikafuata picha za ukoo, kisha sauti za wazee, kisha masomo ya watoto. Wikipedia tuliiacha, kwani yapatikana tena. Filamu za sherehe zilikuwa kubwa mno; chache ziliingia, nyingine zikabaki nje. Kisha tukaizima seva na kuifunika kwa kitambaa, tukaenda kutafuta diski.

Hapa napo pana mambo ya kuangalia. Katika maduka ya mjini tulipata diski za nje nyingi, lakini za kufaa kukaa ndani ya seva usiku na mchana zilikuwa adimu. Mfanyabiashara mmoja alituonyesha moja kwa bei nafuu, imefungwa katika karatasi yake kana kwamba imetoka kiwandani jana. Mdogo wetu aliomba kuijaribu kwanza. Kila diski huhesabu ndani yake saa ilizofanya kazi, kama gari linavyohesabu kilometa, nayo ile “mpya” ilikuwa na saa 31,000, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuzunguka bila kusimama. Tuliirudisha kwa adabu. Hatujui kama muuzaji naye hakudanganywa huko alikonunua.

Yafaa pia kuuliza diski huandika kwa namna gani. Zipo diski ambazo mistari yake ya maandishi hupandiana kama bati za paa. Paa la namna hiyo hutumia nafasi vizuri, lakini ukitaka kubadili bati moja la chini sharti uinue yaliyo juu yake. Diski hizo ni za bei rahisi na hufaa kuweka akiba isiyoguswaguswa, lakini katika kujenga pacha upya huenda polepole mno, hata nyingine hushindwa katikati. Kwa seva itafutwe diski ambayo mistari yake imelala sambamba bila kupandiana. Tena ukubwa wake usipungue ule wa zamani hata kidogo. Kubwa zaidi yafaa. Ndogo hata kwa kipande kimoja itakataliwa.

Mwishowe tulimwagiza mama mmoja mchuuzi wa vitenge aliyekuwa akienda Kampala. Njia ya kaskazini yapita Djugu na Mahagi, na wakati ule habari zake hazikuwa njema, hivyo alipita ziwani Albert, akirudi alishukia Kasenyi, na diski yetu ikasafiri kwa mtumbwi wa mota ikiwa imeviringishwa ndani ya vitenge sita. Usafiri gani bora kuliko huo kwa kitu kisichotaka kugongwa! Ilitufikia siku ya 11, na kwa jumla ilitugharimu dola 150. Kabla ya kuitumia tuliipa kazi ya siku nzima ya kuandikwa na kusomwa peke yake kwenye kompyuta nyingine, maana diski nyingi zenye kasoro hujulikana mapema.

Sasa tueleze kubadili kwenyewe. Kazi ya mikono ni fupi kuliko maelezo yake. Hatari kubwa ni moja: kumtoa aliye hai na kumwacha aliyekufa. Diski zote mbili hufanana kama mayai. Kwa hiyo, kabla seva haijafunguliwa, mdogo wetu aliandika katika daftari namba ya diski iliyokufa kama mashine ilivyoitaja, naye Yaya akaisoma namba iliyobandikwa juu ya kila diski kwa sauti, tarakimu moja moja, huku mtoto mmoja akifuatisha kwa kidole katika daftari. Watatu wakikubaliana, ndipo bisibisi iguse skrubu. Twalishauri jambo hilo kwa kila nyumba: mtu mmoja akisoma peke yake, macho huona yanachotaka kuona.

Umeme ulikuwa umechomolewa. Mdogo wetu aligusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke, akafungua skrubu nne, akatoa nyaya mbili, ule mpana wa umeme na ule mwembamba wa habari, akaivuta diski iliyokufa na kuitia mpya mahali pake. Feni nayo ikasafishwa kwa brashi. Yote hayo hayakupita nusu saa. Tukawasha. Mfumo wetu, ambao waitwa ZFS, uliitambua diski mpya, na kwa amri moja mdogo wetu akauambia kwamba huyu ndiye ashike nafasi ya yule. Kazi ikaanza saa 2 ya asubuhi, wakati jua lilipokuwa limekwisha kupanda na betri zikaanza kujaa. Saa hiyo ilichaguliwa makusudi, ili tuwe na umeme wetu wenyewe mpaka mwisho.

Mchana huo nyumba ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Kila apitaye aliuliza, “Imefika wapi?” Saa 4, sehemu 27 katika 100. Saa 6, sehemu 53. Umeme wa mji ulikatika mara mbili, na betri hazikujali. Kati ya saa 8 na saa 9 kazi ilipunguza mwendo, ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Saa 9 na nusu ikaisha. Pacha walikuwa wawili tena.

Lakini chini ya taarifa palikuwa na mstari mmoja zaidi. Mfumo ule huweka juu ya kila kipande cha habari alama ya kukihakiki, na kipande kisipolingana na alama yake hausemi uongo, hulitaja faili kwa jina. Faili moja lilikuwa limetajwa. Ni filamu ya harusi ya mwaka 2014. Diski ya zamani, ile iliyobaki peke yake, ilikuwa na mahali pamoja pasiposomeka, na kwa kuwa pacha wake alikuwa amekufa hapakuwa na wa kuulizwa.

Tuliifungua filamu hiyo jioni. Yaenda vizuri hata dakika ya 14. Babu, ambaye amekwisha kufariki, asimama mbele ya maharusi, ainua mkono wa kulia ili kuwabariki, afungua kinywa. Na hapo kioo chaganda. Tumejaribu kwa programu tatu. Baraka yenyewe haipatikani. Wazee wetu hukumbuka maneno machache, lakini hawakubaliani ni yapi. Karatasi za Mama Mkubwa, kwa upande mwingine, zote zilifunguka, katika seva na katika diski ya kuazimwa, na mjukuu wake mkubwa amekwisha kuzitumia kuombea nafasi ya shule.

Basi, tufikiri pamoja, wasomaji wapenzi. Je, mpango wa pacha ulikuwa wa bure? Hasha. Bila huo tungalipoteza terabaiti 2.6 zote siku ile ya Jumatatu. Mwaka 1988 mabwana watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walieleza katika mkutano uliofanyika Chicago jinsi diski nyingi za bei rahisi zinavyoweza kushirikiana mzigo wa diski moja ya bei ghali. Walijua kwamba diski zikiwa nyingi vifo navyo huwa vingi, kwa hiyo wakafundisha namna za kuziweka ili nyingine ziweze kufidia ile iliyokufa. Jina walilolipa jambo hilo ni RAID, nalo latumika duniani kote. Lakini kusudi lake ni kazi isisimame diski ikifa. Halikuwa kamwe kuchukua mahali pa nakala.

Tofauti yake ni hii. Mtoto akifuta faili kwa bahati mbaya, pacha hufuta wote wawili. Radi ikipiga, hupiga sanduku moja. Mwizi hachukui diski moja na kuacha nyingine. Moto nao hauchagui. Pacha hulala kitanda kimoja, na lile lipatalo kitanda huwapata pamoja. Nakala ya kweli ni ile inayolala nyumba nyingine.

Watu wa Bunia hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa mifano ya mbali. Mwezi wa Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, wanamgambo walipigania mji huu, nyumba na ofisi zikaporwa, na maelfu ya watu wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege. Mwezi wa Juni lilifika jeshi la Ulaya likiongozwa na Wafaransa, likakaa hadi Septemba. Waliorudi majumbani walikuta wengine kuta tupu. Kitanda kilinunuliwa tena, na sufuria pia. Lakini mtu aliyekuwa na cheti kimoja tu, ndani ya sanduku moja, katika nyumba moja, alianza safari ndefu ya kuthibitisha kwamba alisoma, au kwamba kiwanja ni chake. Aliyekuwa na nakala kwa dada yake Aru au Kampala alimwandikia barua tu.

Katika parokia zetu hekima hiyo ni ya zamani. Sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1917, katika kanuni ya 470, zilimwamuru paroko apeleke kila mwisho wa mwaka kwenye ofisi ya askofu nakala ya vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo. Sheria hizo zilitumika hadi mwaka 1983. Waliozitunga hawakuwa na diski wala umeme wa jua. Walijua tu kwamba kitabu kimoja katika kabati moja, hata kabati lenye kufuli mbili, si akiba bado.

Mafundi wa kompyuta wa leo wana kanuni fupi yenye maana ileile: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali. Nyumbani kwetu twaifuata hivi. Nakala ya kwanza ni seva na pacha wake. Nakala ya pili ni diski ya nje iliyonunuliwa kwa michango ya ukoo, yenye nafasi ya kutosha hata kwa filamu. Mwisho wa kila mwezi huunganishwa, hujazwa, kisha huchomolewa na kupelekwa kwa dada yetu anayekaa Nyakasanza, upande mwingine wa mji. Nakala ya tatu ni ya karatasi muhimu na picha bora tu, katika kadi ndogo mbili za kumbukumbu, na moja ya hizo iko Kampala kwa shemeji. Diski na kadi hizo zimefungwa kwa neno la siri, maana zina karatasi za watu, na neno lenyewe limeandikwa katika bahasha iliyofungwa kwa gundi, wanayoijua watu wawili. Siri inayojulikana na mtu mmoja hufa pamoja naye.

Twaongeza mashauri mawili. La kwanza: kila mwezi mara moja seva iagizwe kusoma kila kitu ilichonacho na kukihakiki, pacha wakiwa wote hai, ili pakiwa na mahali palipooza kwa mmoja mwenzake aparekebishe. La pili: nakala ijaribiwe. Chukua faili tatu au nne, zifungue katika kompyuta nyingine, usome. Nakala ambayo haijafunguliwa hata mara moja ni tumaini tu.

Diski iliyokufa hatukuitupa jaani, kwa sababu maandishi ya watu yangali ndani yake hata kama haizunguki. Mdogo wetu aliifungua kwa watoto. Sumaku mbili zenye nguvu sasa zashika visu jikoni. Sahani zilitoboliwa kwa msumari na kupigwa nyundo, isipokuwa moja iliyokwaruzwa kwa msasa upande mmoja. Ule upande wa pili tulikuwa bado hatujaugusa, binti mdogo akauchukua na kujitazama humo akichana nywele, maana hung’aa kuliko kioo cha dukani. Tulimwachia ajitazame mpaka amalize, ndipo tukaukwaruza nao.

Nanyi wasomaji, msingoje kusikia tik, tik. Nyumba nyingi hazina seva, lakini zina simu moja yenye picha zote za ukoo, au mfuko mmoja wenye karatasi zote. Jioni hii, baada ya chakula, ulizaneni mezani maswali mawili: Kitu gani kwetu hakipatikani tena kikipotea? Na nakala yake inalala nyumba ya nani usiku huu? Swali la pili likikosa jibu, kazi ya kesho imekwisha julikana.